Rivyu: kliniki ya Kisumu iliyokataa kutupatia dawa mpaka usaha wa jipu upimwe

Hii rivyu nimekuwa nikisema nitaandika tangu mwezi wa nne na leo ndio nimepata nafasi, cherehani iko kwa fundi na stima imepotea tangu asubuhi. Ni kliniki ndogo upande wa Kondele, ghorofa ya kwanza, chini kuna duka la simu. Jina siweki, kwa sababu ndani ya hii stori kuna kemisti na kuna hospitali nyingine ambazo hazikutusaidia na sitaki kuanzisha vita na mtu, mwenye anataka kujua ni wapi aniulize inboksi nimwelekeze mpaka mlangoni.

Mgonjwa ni kijana wangu wa pili, ako na miaka 14, ni mtu wa mpira kila jioni. Ilianza Jumamosi, kakitu kadogo nyuma ya paja la kulia, kama chunusi hivi. Akasema mdudu amemuuma. Mimi nikasema hiyo ni nairobi flai, maana mvua ilikuwa imeanza na hao wadudu walikuwa wamejaa kwa taa ya nje. Lakini sasa nikikumbuka vizuri haikufanana na nairobi flai hata kidogo, ile ukiiponda kwa ngozi inaacha alama kama ya kuungua, mara nyingi mstari wenye malengelenge, na inachoma juu juu. Hii ilikuwa kitone kimoja, kigumu, kina joto, na uchungu ulikuwa mwingi kuliko ukubwa wake. Hiyo ya uchungu mkubwa kwa kitu kidogo muiweke kwa akili. Na daktari wa hapo aliniambia karibu kila mtu anayemletea hii shida anasema ameumwa na buibui, ukimuuliza buibui umemwona, hapana, hakuna mtu amewahi kumwona huyo buibui.

Jumatatu nikapitia kemisti. Kijana alikuwa shule, nikaeleza tu kwa mdomo, nikapewa zile kapsuli za rangi mbili za siku tano na dawa ya kupaka, shilingi 150. Hakuna mtu alisema mlete tumwone. Alhamisi kitone kilikuwa kama limau na mtoto anatembea akichechemea, nikampeleka hospitali fulani nikalipa 500 ya kumwona daktari, akaangalia kutoka kwa kiti chake, hakugusa, akaandika ile amoksilini ya nguvu zaidi yenye klavulaniki, 1,200. Akasema rudini baada ya wiki. Wiki! Kufika Jumapili usiku kijana halali, hawezi kukaa, anakula akiwa amesimama kando ya meza, na mimi niko pale nahesabu vidonge nikijiuliza kama kuna kimoja amesahau kumeza. Hakuwa amesahau. Ndio mama mmoja tunayeshona naye soko la Kibuye akaniambia nimpeleke hiyo kliniki, wanajua mambo ya vidonda, shemeji yake alikuwa na mguu wa kisukari na wakamsaidia.

Tulifika Jumatatu saa mbili unusu. Kuna mtu anayeuliza mbona nilipenda hapo hivi, jibu langu ni sista, yaani nesi wao. Mama wa makamo, mpole, aliingiza mtoto kwa chumba, akamwambia, "Baba, lala kifudifudi, usione haya, mimi nina vijana wanne." Akanawa mikono. Halafu akaweka mgongo wa mkono wake kwa paja lisilo na shida, lile la kushoto, akakaa hivyo kidogo, ndio akahamia lile lenye jipu. Akanishika mkono wangu akanifanyisha hivyo hivyo. Wueh, tofauti ilikuwa kama kushika sufuria iliyoepuliwa saa hii. Akaniambia, "Mama, kwa ngozi yetu usikae ukingoja kuona nyekundu."

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hii peke yake ingetosha rivyu. Ukisoma mahali popote dalili za ngozi kuingia bakteria unaambiwa ngozi inakuwa nyekundu, na picha zote ni za miguu ya wazungu. Kijana wangu ni mweusi ti. Pale hapakuwa na wekundu wowote, kulikuwa na weusi kuliko ule wake wa kawaida, unaenda kwa zambarau ukiangalia kwa mwanga wa dirisha, na ngozi ilikuwa imevutika mpaka inang'aa kama imepakwa mafuta. Mimi niliona huo mng'ao tangu Ijumaa nikadhani ni ile dawa ya kupaka! Sista akanionyesha na vidole vya kupapasa, kwamba unatoka ngozi laini unaenda pole pole mpaka unagonga ukingo mgumu, na huo ukingo ndio mpaka wa ugonjwa. Akachukua biro akachora kuzunguka huo ukingo wote, akaandika saa, 2:50, hapo hapo kwa ngozi. Akasema mkirudi kesho hatutabishana kama imeongezeka au imepungua, mstari utatuambia. Kitu rahisi namna hiyo, biro ya shilingi 20, na hakuna mahali pengine tulikuwa tumefanyiwa.

Daktari (ni klinikal ofisa lakini sisi sote tunamwita daktari) akaja akabonyeza katikati na vidole viwili, kimoja kikibonyeza kingine kinasukumwa, kama puto la maji. Hiyo inamaanisha usaha umeshajaa ndani. Akauliza tumetumia nini, nikatoa pakiti zote mbili kwa mkoba, akafurahi sana, kumbe watu wengi huenda wakisema tu "nilipewa za rangi mbili" na za rangi mbili ziko za aina nyingi. Kwa hivyo bebeni pakiti. Nikamwomba amchome sindano kali tuende nyumbani. Akakataa. Akaniambia, "Mama, nikimchoma sasa nitakuwa nabahatisha kama hao wengine. Kwanza usaha utoke, tuupeleke maabara uoteshwe, tujue ni mdudu gani na anakufa na dawa gani." Akapima joto, 37.4, akapima presha na mapigo ya moyo, akasema kwa sababu mtoto hana homa ya maana na ngozi ya kando haijaenda mbali, kutoa usaha ndio matibabu yenyewe, dawa ya kumeza ni ngumu kupenya kwa mfuko wa usaha. Ila kama usiku ule angepata homa kali au kutetemeka, au ugonjwa uvuke mstari wa biro, tusingoje majibu, tupige simu hata saa nane usiku. Namba akaandika kwa kadi. Na zile tulizokuwa nazo akasema tuache.

Nitasema ukweli nilikasirika. Nimelipa 500 ya kuona daktari na sijapewa kidonge kimoja cha kuua bakteria, ni za maumivu tu. Leo naona hiyo ndio sababu hii kliniki inafaa pesa yenu.

Kupasua kwenyewe sitaeleza sana, alichomwa ganzi na hiyo sindano ya ganzi ndio ilimliza, kupasuliwa hakusikia mengi. Ulitoka usaha kama vijiko viwili vya mezani. Kitu niliangalia ni venye walichukua ile ya kupima: walisafisha ngozi kwanza na maji ya chumvi, wakapasua, halafu kijiti cha pamba kikaenda ndani kabisa kwa shimo, sio kupanguza kile kilichomwagika juu, kwa sababu juu ya ngozi kuna bakteria wa kawaida wa kila mtu na ukiwapima hao unapata jibu la uongo. Wakaandika jina la mtoto na saa kwa chupa nikiona. Shimo halikushonwa, waliweka gozi na bandeji. Kama mahali unaenda wanataka kushona jipu lililotoka usaha, uliza maswali.

Majibu yalichukua siku tatu, na hiyo si uzembe, ndivyo kazi ilivyo, bakteria wanahitaji karibu siku moja kuota halafu siku nyingine ya kujaribiwa na dawa. Alhamisi nikaenda na yule kijana wa maabara akanionyesha picha kwa simu yake. Sahani ya duara, wadudu wameota kama unga wa njano njano uliomwagika, akasema hiyo rangi ndio ilifanya waitwe aureusi, ni dhahabu kwa Kilatini, Staphylococcus aureus, kwa kifupi staf. Juu yake vipande vidogo vya karatasi kama konfeti, kila kimoja kina dawa yake. Penye dawa inafanya kazi unaona duara safi kuzunguka karatasi, halina kitu. Penye haifanyi, wadudu wameota mpaka mlangoni. Akaniwekea kidole kwa moja inaitwa sefoksitini: wadudu wamefika mlangoni. Akasema hiyo karatasi ndio inatueleza kwamba huyu ni MRSA, yaani staf sugu asiyesikia methisilini na ndugu zake wa penisilini.

Akanieleza kwa lugha ya fundi nikaelewa. Dawa zote za jamii ya penisilini zinaua bakteria kwa kumshika mkono yule fundi anayejenga ukuta wa bakteria, ukuta usipojengwa anapasuka anakufa. Huyu MRSA ameajiri fundi mwingine ambaye hiyo dawa haimwezi. Sasa uongeze nguvu, uongeze klavulaniki, ununue ya 150 ama ya 3,000, unamshika yule fundi wa zamani na nyumba inaendelea kujengwa. Klavulaniki yenyewe kazi yake ni kuzuia bakteria asiikatekate dawa, kwa habari ya fundi mpya haisaidii kitu. Ndio maana amoksilini, flukloksasilini na karibu sefalosporini zote zinaanguka pamoja, ni ndugu. Na si jambo la juzi, methisilini ilianza kutumika 1959 na kufika 1961 Uingereza walishapata staf isiyosikia, siku hizi methisilini yenyewe haitumiki tena lakini jina limebaki.

Kwa karatasi ya majibu kuna herufi tu, S ni inasikia, R ni imegoma, I iko katikati. Ya kwetu ilikuwa R kwa penisilini, R kwa sefoksitini, R kwa erithromaisini, R kwa Septrin (kuna watu Septrin huwafanyia kazi vizuri, kwetu hapana), S kwa klindamaisini. Na kwa hiyo klindamaisini waliweka karatasi yake kando ya ile ya erithromaisini waangalie kama duara linabonyea upande mmoja likae kama herufi D, likibonyea inamaanisha dawa itafanya kazi siku mbili halafu bakteria aikatae. Letu lilikuwa duara zima. Nilipoona wamepima mpaka hapo nikajua pesa yangu ilifanya kazi. Kijana alikuwa anaendelea vizuri, mstari wa biro ulikuwa umebaki nje peke yake, lakini ukingo mmoja ulikuwa bado mgumu na dada yake naye alikuwa ameanza kitone kwapani, kwa hivyo daktari akampa klindamaisini siku saba na akanionya akianza kuharisha sana nimwambie mara moja.

Sasa dalili, juu wengi mtanipigia simu kuuliza. Daktari alisema wazi na mimi narudia: kwa macho huwezi kujua kama jipu ni la bakteria sugu au la kawaida, yanafanana kabisa, ni maabara tu inajua. Lakini kuna mambo ya kukufanya ushuku. Umemeza dawa vizuri siku mbili tatu na hakuna nafuu, ama inazidi. Limepona likarudi, hapo hapo ama mahali pengine. Watu wa nyumba moja wanapata majipu kwa zamu, au timu moja, bweni moja, seli moja. Mgonjwa ametoka kulazwa hospitali karibuni au amemeza antibayotiki nyingi miezi michache iliyopita. Hapo usiende kutafuta ya nguvu zaidi, tafuta mahali wanachukua usaha.

Na kuna zile za kutongoja kliniki yoyote, unakimbia hospitali kubwa hata usiku, kwetu ni Jaramogi, ile wazee wanaita Russia. Homa na kutetemeka, moyo kwenda mbio, mtu kuongea ovyo kama amechanganyikiwa. Uchungu mkali sana wakati ngozi kwa macho inaonekana karibu sawa, au ngozi inayogeuka rangi ya majivu au nyeusi na kuwa na malengelenge, au ukibonyeza inalia kama karatasi ya nailoni. Michirizi inayopanda kutoka kidonda kuelekea kwapa au kinena. Uvimbe karibu na jicho na pua. Mtoto mchanga. Mtu wa kisukari, huyo hata kidonda kidogo cha mguu usimwachie wiki, mama mkwe wangu ako Ahero na sukari na siku hizi kila nikienda naangalia nyayo zake, hapendi lakini naangalia.

Kitu kingine kilichonifanya niwape alama nyingi ni kwamba walituuliza nyumba. Mnatumia taulo ngapi? Watu watano, taulo mbili. Kijana ananyolewa wapi, mashine inasafishwa na nini? Sista akaeleza huyu staf anakaa puani kwa watu wengi tu, karibu mtu mmoja kati ya watatu, bila kuwafanya kitu, anangoja mkwaruzo. Na mchezaji wa mpira ana mikwaruzo kila siku. Kwa hivyo kila mtu taulo yake, jezi asiazimane, wembe hata wa kukata kucha asiazimane, kidonda kifunikwe muda wote, shuka na nguo zake zifuliwe na maji moto zianikwe juani, na mtu asifinye jipu, asifinye, usaha unasukumwa ndani zaidi. Nilinunua taulo tatu Kibuye jioni hiyo hiyo nikashona jina la kila mtu kwa pembe. Kile cha kwapa cha msichana kilikandwa na kitambaa cha maji moto kikatoka chenyewe.

Bei, juu mnapenda kujua. Kuona daktari 500, kupasua na ganzi 2,500, kuotesha na kupima dawa 1,800, kubadilisha bandeji 300 mara tano, klindamaisini 1,050. Jumla 7,350. Sio pesa kidogo kwa mtu wa cherehani, na pale SHA, bima ya afya ya serikali, hawakuchukua, nililipa mfukoni. Nilichoma 1,850 kabla ya kufika hapo na siku saba za uchungu wa mtoto ambazo siwezi kuziwekea bei. Ningejua, hiyo 1,800 ya maabara ingekuwa ya kwanza.

Mabaya yao pia yako. Foleni haina mpangilio, siku za bandeji tuliofika saa mbili tuliona watu wa saa nne wakiingia kabla yetu, nikauliza nikajibiwa vibaya na msichana wa mapokezi. Risiti ya maabara ilibidi niidai. Jumapili wamefunga, na kidonda hakijui Jumapili, siku hiyo nilibadilisha bandeji mwenyewe nyumbani na mikono ikitetemeka ingawa sista alikuwa amenifundisha. Na kubwa kuliko yote, hapo watu wanapokaa kungoja hakukuwa na maji ya kunawa mikono. Kliniki ya vidonda! Watu wana bandeji zinavuja na wanashika kiti kile kile. Nilimwambia daktari siku ya mwisho, akasikiliza, akaandika.

Nawapa nne kwa tano. Jumanne iliyopita nimerudi na mtoto wa jirani, jipu shingoni baada ya kunyolewa, amemeza dawa za kemisti siku nne na linakua. Ndoo ya mfereji iko pale kando ya mlango sasa, na sabuni. Sista akamchora na biro. Majibu yake tunangoja Ijumaa.